Chuma cha Liganga: Mtapo Uliofungamana na Titani

Katika kamusi za Kiswahili, neno chuma huingizwa mara mbili. Kama nomino, ni ile metali ambayo mhunzi huipasha moto akaifua, akapata jembe, shoka au panga. Kama kitenzi, ni kutungua tunda mtini na, kwa kupanuka kwa maana, kujipatia mali. Msomaji akivuka Ziwa Nyasa kuingia Malawi atakuta jambo la kustaajabisha: katika Kichewa, chuma ni utajiri, ilhali metali ya mhunzi ina jina lake jingine, chitsulo. Iwapo maneno haya yana asili moja au yamekutana tu njiani ni suala la wanaisimu wa kihistoria, na si lengo la makala hii kulitatua. Yatosha kusema kwamba upande wa pili wa ziwa hilo hilo, katika wilaya ya Ludewa, mkoa wa Njombe, kusini-magharibi mwa Tanzania, kuna mahali ambapo maana hizi mbili zimekuwa zikitafutana kwa muda mrefu bila kukutana. Mahali hapo huitwa Liganga.

Makadirio yaliyotangazwa na Shirika la Taifa la Maendeleo la Tanzania yanataja takriban tani milioni 126 za mtapo wa chuma zilizokwisha kuthibitishwa Liganga. Habari za mtapo huo si ngeni. Ulifahamika tangu zama za ukoloni, ukapimwa na kupimwa tena, kabla ya Uhuru na baada yake. Hata hivyo, hakuna tanuri kubwa lililowahi kuwashwa kwa ajili yake. Watu wakiulizwa sababu, hutaja barabara mbovu, ukosefu wa umeme, uhaba wa mtaji na mivutano ya kisiasa. Sababu zote hizo zina ukweli ndani yake. Lakini iko sababu moja iliyotangulia zote, nayo haimo katika ofisi yoyote. Imo ndani ya punje za jiwe lenyewe. Makala hii inanuia kuieleza sababu hiyo kwa lugha ambayo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuifuata bila kuwa amesomea jiolojia.

Jina na wenyewe

Kabla ya kuingia ndani ya jiwe, jina lake linastahili kuangaliwa. Katika lugha za nyanda hizo, Kihehe na Kibena miongoni mwazo, liganga maana yake ni jiwe, na wingi wake ni maganga. Mwanafunzi wa mofolojia ataitambua mara moja ngeli ya tano. Kiambishi li-, ambacho Kiswahili kilikwisha kukiacha mwanzoni mwa nomino zake na kukibakiza katika upatanisho pekee (jiwe limeanguka, jiwe lile), huko kingali kimesimama mlangoni pa nomino. Hivyo mahali palipokuja kuwa maarufu katika taarifa za serikali na za makampuni paliitwa tu kwa jina la kitu kinachoonekana pale: jiwe.

Wapangwa, ambao ni wenyeji wa Ludewa, pamoja na majirani zao Wakinga, walikuwa wakiyeyusha na kufua chuma karne nyingi kabla ya kuja kwa mpima miamba wa kwanza kutoka Ulaya. Kiswahili nacho kimerithi msamiati kamili wa kazi hiyo, ingawa wengi wa wanafunzi wa leo huukuta katika mashairi na methali tu: mhunzi, mvukuto, fuawe, tanuri, kalibu. Mwamba au udongo wenye madini kiasi cha kufaa kuyeyushwa huitwa mtapo. Wapo wanaouita mbale. Na yale mabaki mazito yanayotoka tanurini baada ya chuma kujitenga yana jina ambalo waundaji wa istilahi wa siku hizi wanaonekana kulionea haya, nalo ni mavi ya chuma. Makala hii italitumia jina hilo bila kuomba radhi, kwa kuwa ndilo lililoko na linasema kile hasa linachokusudia kusema. Aidha, msomaji atakuja kuona kwamba mkasa wote wa Liganga umo ndani ya mavi hayo.

Mwamba uliouzaa mtapo

Chuma cha ulimwengu huu, kwa sehemu kubwa, hutoka katika miamba ya mashapo. Migodi mikubwa ya Australia na Brazili huchimba mtapo uliotokana na matabaka yaliyojijenga chini ya bahari za kale sana, pale chuma kilichokuwa kimeyeyuka majini kilipokutana na oksijeni na kuzama. Huo ni mtapo uliozaliwa na maji. Liganga ni wa ukoo mwingine. Huo ulizaliwa na moto.

Hapo kale, katika zama ambazo wanajiolojia huziita Prekambri, yaani kabla ya miaka milioni 540 iliyopita na kurudi nyuma zaidi, uji wa miamba, au magma, ulipanda kutoka kina cha dunia ukatulia ndani ya ganda lake bila kufika juu. Ulipoanza kupoa, haukuganda wote kwa mara moja. Madini mbalimbali yalijitenga kuwa fuwele, kila aina kwa wakati wake kulingana na joto na kemia ya uji uliobaki. Miongoni mwa fuwele hizo kulikuwa na felspa ya aina ya plagioklesi, yenye rangi nyeupe au ya kijivu, ambayo ni nyepesi. Zilipokusanyika kwa wingi zilifanya mwamba uitwao anothositi, ambao karibu wote ni felspa hiyo moja. Msomaji ambaye hajawahi kulisikia jina la mwamba huu amekwisha kuuona mara nyingi bila kujua, kwa sababu sehemu nyeupe za uso wa mwezi, zile ambazo washairi wa lugha zote wamezisifu, zimejaa anothositi.

Felspa haina nafasi ya chuma wala ya titani. Kwa hiyo kadiri anothositi ilivyozidi kuganda, ndivyo uji uliobaki ulivyozidi kujaa metali hizo mbili. Hatimaye zikajitenga zenyewe kama madini meusi, mazito. Felspa ina uzito wa takriban mara 2.7 ya maji yenye ujazo uleule, ilhali magnetiti, ambayo ndiyo oksidi nyeusi ya chuma, ina uzito wa zaidi ya mara 5. Ni rahisi basi kuona kwa nini kitu kizito hivyo kiliweza kuzama na kujikusanya mahali pamoja. Wataalamu hawajakubaliana kama mitapo ya namna hii hujikusanya fuwele moja moja kwa kuzama, au uji wenyewe hugawanyika kuwa vimiminiko viwili visivyochanganyikana, mfano wa mafuta na maji, kimoja kikiwa karibu kitupu cha chuma na titani. Mjadala huo umedumu kwa muda mrefu na pande zote zina hoja nzito. Linalokubalika na wote ni matokeo: katika eneo la Liganga, vipande na mikanda ya mtapo mweusi imelala ndani ya miamba ya anothositi na ya gabro. Baadaye eneo zima likakandamizwa na kupashwa joto tena na misukosuko ya ganda la dunia, hata mikanda hiyo ikakatika na kupindapinda. Mmomonyoko uliendelea kwa mamilioni ya miaka, ukaiondoa miamba iliyokuwa juu, na jiwe jeusi likabaki wazi juani.

Ndani ya punje

Hapa ndipo suala lenyewe lilipo, na msomaji anaombwa kuwa na subira kidogo, maana jambo linalofuata ni dogo kuliko jicho linavyoweza kuona.

Magnetiti safi ni muungano wa atomi tatu za chuma na nne za oksijeni. Kwa uzito, asilimia 72 yake ni chuma, kiasi kinachozidi kile cha hematiti, oksidi nyekundu inayokaribia asilimia 70. Kati ya mitapo ya kawaida ya chuma hakuna ulio bora kuliko magnetiti. Isitoshe, huvutwa na sumaku. Nahodha angeifikisha dira yake karibu na mwamba wa aina hii, sindano ingeiacha kaskazini na kuufuata mwamba. Sifa hii humrahisishia mchimbaji kazi: husaga mwamba, huupitisha mbele ya sumaku, punje za magnetiti hushikwa na taka hudondoka.

Lakini magnetiti ya Liganga si safi. Karibu nusu ya uzito wa mtapo ni chuma, na asilimia kumi na kitu ni oksidi ya titani. Oksidi ya vanadi haifiki asilimia moja. Tarakimu hizi zikisomwa juujuu zinaweza kumfanya mtu aseme kwamba titani ni taka kama taka nyingine na itaondolewa kwa sumaku. Sivyo. Ili kuelewa kwa nini, yafaa kumtazama mpishi wa kaimati akitengeneza shira. Maji yakichemka hubeba sukari nyingi sana, na mtu hawezi kuonyesha ni wapi maji yanapoishia na wapi sukari inapoanzia. Vyote ni kitu kimoja. Shira hiyo ikiachwa ipoe, sukari huanza kurudi kuwa chembe ndani ya kimiminiko. Magnetiti hufanya vivyo hivyo, ila yenyewe hubaki kuwa kitu kigumu wakati wote. Katika joto kali la magma, fuwele yake huweza kubeba titani nyingi kwa kubadilishana nafasi na chuma, na huwa imechanganyika na ndugu yake aitwaye ulvospineli, mwenye chuma na titani kwa pamoja. Joto linaposhuka, fuwele haiwezi tena kuihimili titani yote hiyo. Titani hulazimika kujitenga, lakini haina pa kwenda, maana imezungukwa na jiwe gumu pande zote. Basi hujipanga papo hapo, ndani ya punje ileile, kuwa vibamba vyembamba sana vya ilmeniti, madini mengine yaliyo na chuma, titani na oksijeni. Punje moja ikikatwa na kung'arishwa, kisha ikatazamwa kwa hadubini, huonekana imechorwa mistari iliyokatizana kwa pembe zilizo sawa, mithili ya mkeka uliofumwa kwa ukindu wa rangi mbili.

Vibamba hivyo vina unene wa sehemu za elfu za milimita. Sumaku ikiivuta magnetiti, inavuta na vibamba vilivyofungwa ndani yake. Ili kuvitenganisha ingebidi kuusaga mtapo hadi uwe laini kuliko unga wa aina yoyote, kazi inayokula nishati nyingi na kuacha vumbi lisiloshikika. Na hata hapo sehemu fulani ya titani ingebaki, kwa kuwa haikujitenga kabisa. Ingali imekaa katika viti vya chuma ndani ya fuwele. Ni kweli kwamba mitapo ya jamii hii huwa pia na punje za ilmeniti zilizosimama peke yake, na hizo zinaweza kuokotwa. Lakini titani iliyofumwa ndani ya magnetiti itaambatana na chuma hadi tanurini.

Vanadi imejificha zaidi. Haina hata punje yake. Atomi zake zinalingana kwa ukubwa na tabia na baadhi ya ioni za chuma, kwa hiyo zimechukua nafasi zao hapa na pale katika fuwele ya magnetiti bila kuacha alama yoyote ya kuonekana.

Inafaa kutaja hapa, kwa faida ya wanafasihi, kwamba metali hizi mbili zina majina ya kihekaya. Mkemia Mjerumani Klaproth aliipa titani jina lake mwaka 1795, akilichukua kutoka kwa Watitani, yale majitu ya Kigiriki yaliyofungiwa chini ya ardhi. Vanadi ilipewa jina na Msweden Sefström mwaka 1830 kwa heshima ya Vanadis, mungu wa kike wa uzuri katika hekaya za kaskazini ya Ulaya, kwa sababu chumvi zake hutoa rangi nyingi za kupendeza. Jitu lililofungiwa ardhini na malkia asiyeonekana: wakemia hao hawakuwahi kuiona Ludewa, lakini ni vigumu kusema kwamba walikosea.

Tanuri linapokataa

Tanuri kubwa la kisasa hufanya kazi kwa kanuni ileile aliyoijua mhunzi wa Upangwa. Kaboni ya makaa huipokonya oksidi ya chuma oksijeni yake, chuma kikabaki huru. Tofauti ni kwamba tanuri la mhunzi halikuyeyusha chuma chenyewe. Lilitoa bonge lenye mashimo ambalo baadaye lilifuliwa kwa nyundo ili mavi yatoke. Tanuri la kisasa huyeyusha kila kitu. Mtapo, makaa ya koki na mawe ya chokaa huingizwa juu, hewa ya moto hupulizwa chini. Chuma kilichoyeyuka hutua kitako, na mavi ya chuma, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu yake. Uhai wa tanuri zima unategemea sharti moja: mavi hayo yatiririke kama asali ya moto ili yaweze kutolewa.

Titani hulivunja sharti hilo. Oksidi yake ni sugu kuliko ya chuma, haikubali kwa urahisi kuachana na oksijeni, kwa hiyo huenda kwenye mavi. Sehemu yake ndogo, katika kitako cha tanuri ambako joto na kaboni vimezidi, hukubali. Lakini badala ya kuwa metali, huungana na kaboni au na nitrojeni ya hewa iliyopulizwa. Vitu vipya vinavyopatikana haviyeyuki mpaka joto likaribie nyuzi 3000 za Selsiasi, ilhali tanurini mavi na chuma viko katika nyuzi 1500 hivi. Basi hubaki kama chembe ngumu zilizotapakaa ndani ya mavi. Uji uliokuwa ukimiminika hugeuka ugali. Mavi hayatoki, matone ya chuma hunaswa ndani yake, na tanuri lisipookolewa mapema huziba.

Kuna kinaya hapa. Chembe hizohizo, zikiwa kidogo, huwafaa wenye matanuri. Hujishikiza kwenye matofali ya kitako yaliyolika na kuyafunika kama plasta, hata baadhi ya viwanda hutia titani kidogo kwa makusudi. Kinachoua ni wingi, na Liganga una wingi huo.

Hii ndiyo maana ya kusema kwamba sababu ya kwanza imo katika jiwe. Mtapo wa chuma wa kawaida wenye ukubwa kama huu ungemvutia mwekezaji yeyote mwenye tanuri la kawaida. Mtapo wa Liganga unahitaji tanuri lililobuniwa kwa ajili yake, na kila waliokuja kuupima walirudi na jibu hilohilo, hata kama walilivisha maneno tofauti.

Waliofanikiwa, na walivyofanikiwa

Haiwezekani, hata hivyo, kudai kwamba mtapo wa namna hii hauyeyuki. Ziko nchi zilizouyeyusha, na njia zao ni mbili.

Njia ya kwanza ni ya Uchina. Katika jimbo la Sichuan, kando ya mto Jinsha, kuna mji wa Panzhihua uliojengwa juu ya mtapo wa magnetiti yenye titani na vanadi, ambao kwa ukoo ni jamaa wa Liganga, japo ni mdogo sana kwa umri. Una takriban miaka milioni 260. Wahandisi wa Kichina walifanya majaribio katika miaka ya 1960 na chuma cha kwanza kikamiminwa tarehe 1 Julai 1970. Walichofanya ni kuuchanganya mtapo wao na mitapo isiyo na titani, na kuidhibiti hali ya tanuri kwa uangalifu mkubwa ili titani isipate nafasi ya kuungana na kaboni. Walifaulu, wakapata chuma, na baadaye vanadi. Lakini titani iliyoingia katika mavi, ambayo ni zaidi ya sehemu moja kwa tano ya mavi hayo, kwa sehemu kubwa haikupatikana tena. Imebaki milimani kama marundo.

Njia ya pili ilifuatwa Afrika Kusini, katika kiwanda cha Highveld kilichoanzishwa katika miaka ya 1960 na kusimama mwaka 2015, na inafuatwa huko New Zealand, ambako chuma hupatikana kutokana na mchanga mweusi wa pwani. Hao waliliacha tanuri la kupuliza hewa. Huupasha mtapo moto pamoja na makaa ya mawe ya kawaida katika mapipa marefu yanayozunguka, chuma kikaanza kuachana na oksijeni kikiwa bado kigumu, ndipo huyeyushwa kwa umeme. Chuma kilichoyeyuka kikipulizwa oksijeni, vanadi hutangulia kutoka na kukusanywa. Njia hii huihimili titani vizuri zaidi, lakini inataka umeme mwingi usiokatika.

Mfano wa tatu uko karibu zaidi na wasomaji wa Kenya, nao unafundisha kwa tofauti yake. Katika kaunti ya Kwale, titani ilichimbwa kuanzia mwaka 2013 na shehena ya kwanza ikasafirishwa mwaka 2014, hadi uchimbaji ulipofungwa Desemba 2024. Madini ya Kwale yalikuwa ilmeniti, rutili na zirkoni, si chuma. Mbona huko hapakuwa na kizungumkuti cha tanuri? Kwa sababu maumbile yalikuwa yamekwisha kuifanya kazi ya kutenga. Miamba ya bara ilimomonyoka, mito ikabeba punje zake hadi pwani, na maji pamoja na upepo vikazipepeta kwa maelfu na maelfu ya miaka, kama mwanamke anavyopeta mchele kwa ungo. Nyepesi zikaenda, nzito zikabaki. Punje ya ilmeniti ya Kwale ilikuwa imesimama peke yake mchangani, ikingoja kuokotwa. Liganga hakuna aliyepeta. Ilmeniti yake ingali imefumwa ndani ya mkeka.

Makaa, mkataba na watu

Njia ya pili ikichaguliwa kwa Liganga, swali la kwanza ni umeme, na jibu lake limo kilomita zisizofika mia kutoka hapo, katika wilaya ileile. Huko kuna makaa ya mawe ya Mchuchuma. (Jina lisimpotoshe msomaji, Mchuchuma hakuna chuma.) Makaa hayo ni machanga sana yakilinganishwa na mtapo. Ni mabaki ya mimea iliyozikwa katika mabonde ya kile kipindi ambacho wanajiolojia wa Afrika hukiita Karoo, kati ya miaka milioni 250 na 300 iliyopita. Ndiyo maana majina Liganga na Mchuchuma hutajwa daima kama pacha. Mwaka 2011, Shirika la Taifa la Maendeleo la Tanzania lilitia saini mkataba wa ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya Uchina, mbia wa Kichina akiwa na asilimia 80 na shirika asilimia 20. Mpango ulikuwa kuchimba makaa, kujenga kituo cha umeme cha megawati 600, na kutumia umeme huo kuyeyusha mtapo. Uwekezaji uliotajwa ulikuwa dola bilioni tatu za Marekani. Si ajabu kwamba kampuni ilitoka katika jimbo lilelile la Panzhihua, ambako mitapo ya aina hii inafahamika.

Utekelezaji ulikwama, hasa katika majadiliano ya vivutio ambavyo mwekezaji alivitaka. Wakazi ambao ardhi yao ilitengwa kwa ajili ya mradi walingoja fidia kwa miaka mingi, na malipo yalianza mwaka 2023. Katika miaka hiyo ya kungoja, mtu hajui kama apande mti wa matunda au aezeke upya paa la nyumba, maana hajui kama atauona mwisho wake.

Jiolojia iliyoelezwa hapo juu inaingia katika mazungumzo hayo kwa namna ambayo aghalabu haionekani magazetini, ambako Liganga huitwa kwa ufupi mgodi wa chuma. Bei ya chuma kwa tani ni ndogo. Vanadi, ambayo kiasi chake kidogo tu hutosha kuufanya uchuma wa pua uwe imara zaidi, na ambayo sasa inatumika pia katika betri kubwa za kuhifadhi umeme, ina bei ya juu zaidi. Oksidi ya titani ndiyo weupe wa rangi za nyumba, wa plastiki na wa karatasi nyingi. Mkataba unaohesabu tani za chuma peke yake unaweza kuiacha thamani kubwa ya mtapo ipite bila kutajwa, na tanuri lililochaguliwa vibaya linaweza kuizika titani katika mavi kama ilivyotokea kwingine. Uamuzi kuhusu aina ya tanuri, kwa hivyo, ni uamuzi kuhusu nani atapata nini. Mwanakijiji wa Ludewa ana haki ya kuuelewa, na hawezi kuuelewa iwapo taarifa za kitaalamu zimeandikwa kwa Kiingereza pekee na maneno kama magnetiti, ilmeniti na kibamba hayajawahi kufika katika baraza la kijiji.

Kwa sasa mtapo ungali juani. Mvua za Nyanda za Juu huupiga kila mwaka, na nyuso zake za nje zinageuka polepole kutoka weusi wa magnetiti kuwa wekundu wa hematiti. Ilmeniti haibabaiki na maji wala hewa. Hubaki ndani, vibamba kwa vibamba, kama ilivyopangwa jiwe lilipopoa.